Asubuhi Vinu Viliponyamaza

Siku yangu ya kwanza kazini Fundi Mkuu hakunipa spana wala koleo. Alinitazama masikio. Alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama mtu anayenunua mbuzi, kisha akauliza, "Umekula nini asubuhi?"

"Karanga, mzee."

"Zimebaki mdomoni?"

Nilijibu kwamba huenda zimebaki kidogo kwenye meno. Akanipeleka nyuma ya nyumba ya mtambo, akanisimamia nikisukutua mpaka aliporidhika. "Hapa hatusikilizi huku tunatafuna," alisema. "Anayetafuna husikia meno yake mwenyewe, halafu anakwenda kuwachimbia watu uwanja bure."

Hapo palikuwa Shinyanga mjini, vita kuu ya pili imekwisha na askari wamerudi na makoti yao mazito yasiyofaa kwa jua letu. Mimi nilikuwa kijana wa Tinde. Maji niliyoyajua ni yale ya kuchimbwa kwa mikono katika mchanga wa mto mkavu: unachimba, unakaa kando, unangoja yajae taratibu kama machozi ya mtu asiyetaka kulia. Kuona maji yakitembea ndani ya chuma, yakipanda kilima na kushuka bila kubebwa, kulinifanya nisiamini macho yangu. Fundi Mkuu, mzee wa Ujiji aliyekuwa mpole siku ya Ijumaa tu, aliniambia macho hayana kazi kubwa katika idara ya maji.

Ninyi mnaofungua koki leo na kukasirika ikikohoa, nawaeleza tulivyofanya. Mabomba yetu yalikuwa ya chuma cha kusubu, mazito, yaliyounganishwa kichwa kwa mkia. Kwenye ungio tulishindilia uzi wa katani, tukamimina risasi iliyoyeyushwa motoni, kisha tukaigonga kwa patasi butu mpaka ikajaza kila upenyo. Bomba likishafukiwa halionekani tena. Likianza kuvuja, ardhi yetu yenye kiu hunywa kila tone na juu panabaki pakavu. Njia ya kulipata tundu ilikuwa moja: fimbo ya kusikilizia. Ni nondo nyembamba yenye urefu wa mtu, na juu yake kikombe cha mti cha kuwekea sikio. Unaisimamisha juu ya bomba au juu ya valvu, ile koki kubwa ya kufungia njia ya maji, kisha unainama, unafumba macho, unazuia pumzi.

Maji yanayovuja husema. Tundu dogo hupiga mluzi. Ungio lililolegea huhema. Bomba lililopasuka hunguruma kama tumbo la ng'ombe. Ilinichukua muda mrefu kuzitofautisha sauti hizo, na Fundi Mkuu hakunihurumia hata mara moja.

Siku niliyoinua kichwa na kumwambia kwamba nimesikia mume na mke wakigombana ndani ya nyumba ya jirani, hakucheka. Alinipokonya fimbo.

"Bundala, nisikilize vizuri. Ukisikia maji, acha sikio hapo. Ukisikia mtu, ondoa sikio. Kinachosikika na si maji, si chako. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mzee."

"Hujaelewa. Utaelewa."

Misimu kadhaa ya mvua ilipita. Kisha Bwana Maji akaniita ofisini. Ndivyo tulivyomwita mhandisi Mzungu aliyesimamia maji ya jimbo, kama vile yule wa kilimo alivyoitwa Bwana Shamba. Alisema upande wa Geita, karibu na machimbo ya dhahabu, kuna mji mdogo wa pwani ya ziwa uitwao Nyakabanga, na mji huo unapoteza maji. "Yanapanda kwenye tangi," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "hayafiki kwenye ndoo. Wewe tafuta."

Fundi Mkuu alinisindikiza mpaka kwenye lori. Alinipa fimbo yake mwenyewe, kikombe chake kimelainika na kung'aa kwa miaka ya shavu lake. "Unakokwenda," alisema, "watu wamefukia vingi kuliko mabomba. Kumbuka nilichokuambia."

Nilifika na mke wangu, Mama Minza, na binti yetu mchanga mgongoni mwake. Nyakabanga ulikuwa mji uliokaa mguu mmoja majini na mguu mmoja mgodini. Chini kulikuwa na gati la mbao, magunia ya pamba na harufu ya dagaa. Kando ya gati palikuwa na nyumba ya pampu, na mtambo wake wa dizeli uliyavuta maji ya ziwa na kuyapeleka kwanza kwenye birika la shabu. Shabu ni lile jiwe jeupe linalofanya tope lishikane na kuzama. Kutoka hapo maji yalipita katika mchujo wa mchanga, yakapanda kwenye tangi juu ya majabali, kisha yakashuka kwa njia mbili: moja ya kwenda nyumba za wakubwa wa mgodi na hospitali ndogo, nyingine ya kwenda sokoni na mtaani kwetu, ambako watu walichota kwenye mabomba ya barabarani. Pembezoni waliishi Wazinza na Wasukuma wenye ng'ombe na mihogo. Katikati walijazana wachimbaji na wachuuzi kutoka kila pembe ya Tanganyika, wa kanisani na wa msikitini.

Ulikuwa mji wa kutazamana. Dhahabu yote, kwa sheria, ilikuwa ya kampuni. Lakini mawe yalitoka mgodini ndani ya mikebe ya chakula, ndani ya nywele, ndani ya vilemba. Kila mtu alijua, na kila mtu alijua kwamba mwenzake anajua. Mtu akivaa shati jipya alilieleza kabla hajaulizwa. Mgeni akiuliza njia ya sokoni, watu walimwonyesha, kisha wakamsindikiza kwa macho mpaka afike kweli sokoni.

Katika mji huo ndimo mimi nilimoanza kutembea alfajiri na nondo begani, nikisimama mbele ya nyumba za watu, nikiinama, nikifumba macho, nikisikiliza chini.

Mngewaza nini?

Aliyenipa jina alikuwa Kalonga, fundi cherehani wa barazani karibu na soko. Alikuwa mtu wa watu. Alishona kwa kukopesha, alijua majina ya watoto wote, na habari yoyote ya mji ilipita chini ya sindano yake kabla haijaenda kwingine.

"Bwana Sikio!" alinipigia kelele siku moja baraza likiwa limejaa. "Leo ardhi imekuambia nini?"

"Imeniambia suruali ya huyo mzee umeishona fupi."

Wakacheka, na mzee mwenyewe akanyoosha miguu kuitazama suruali yake. Kalonga alicheka kuliko wote. Lakini jina lilibaki, na baada ya siku chache nililisikia likisemwa bila kicheko.

Asubuhi moja, karibu na nyumba ya jirani yetu Mama Kulwa, nilisikia kitu kwenye bomba. Wanawake wa mtaani waliamka mapema kutwanga mtama na mihogo, na sauti hiyo niliijua: mchi wa mti katika kinu cha mti, nene, yenye tumbo, du, du, du. Hii ilikuwa kavu. Chuma juu ya chuma. Ngi, ngi, ngi. Nilielewa mara moja. Mtu alikuwa akiponda mbale, ndivyo wachimbaji walivyoita mawe yenye dhahabu, na aliificha sauti yake chini ya sauti ya vinu vya wanawake. Hewani haikusikika. Ndani ya bomba ilisikika kama mtu anayebisha mlango.

Nikaondoa sikio.

Siku zilizofuata niliisikia kwingine pia, nyumba hii na ile. Sikumwambia mtu, hata Mama Minza. Niliitenga kando kama mnavyotenga pumba na mchele, nikaendelea kutafuta maji.

Kisha Inspekta wa polisi akaja kwenye nyumba ya pampu pamoja na Bwana Maji, aliyekuwa ziarani. Aliichukua fimbo yangu, akaipima mkononi, akaweka sikio kwenye kikombe. Nadhani alisikia damu yake mwenyewe tu, maana alikunja uso.

"Wewe unasikia nini na hiki?"

"Maji, bwana."

"Maji tu?"

"Idara yangu ni ya maji, bwana."

"Mtu akiponda mawe nyumbani kwake, utasikia?"

Bwana Maji alitazama ziwa kama mtu ambaye hayumo. Mimi nilimtazama Inspekta vifungo vya koti. "Mtambo una kelele, bwana. Vinu vina kelele. Mimi nikipata maji nashukuru."

Alinirudishia fimbo. "Ukisikia kitu, njoo. Hakuna atakayejua." Alipoondoka, gari lake lilipita polepole mbele ya baraza la Kalonga, na watu wote pale waliona lilikotoka.

Wiki haijaisha, polisi walivamia nyumba ya Mama Kulwa. Hawakupekua. Walikwenda moja kwa moja jikoni, wakaondoa mafiga, wakachimba chini ya majivu, wakatoa mbale zilizofungwa kwenye gunia na kinu cha chuma kilichokatwa kwenye kipande cha bomba. Baba Kulwa alifungwa pingu mbele ya mapacha wake, Kulwa na Doto, waliokuwa wakila uji. Na mimi, siku mbili kabla, nilikuwa nimeinama kwenye valvu iliyo nje ya uzio wao.

Mama Minza alikwenda kuchota maji jioni hiyo. Mama Kulwa alikuwa mbele yake kwenye mstari.

"Shikamoo, mayu," mke wangu alimwamkia, kama mtu anavyomwamkia mama yake.

Mama Kulwa hakuitika marahaba. Alijaza ndoo yake, akajitwisha, akapita. Na wanawake waliokuwa nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, waliacha nafasi kati yao na mke wangu, nafasi ya kutosha mtu kulala.

"Wananifanya kama nina ukoma," Mama Minza aliniambia akiweka ndoo chini. Kisha akanitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. "Baba Minza. Ni wewe?"

"Siyo mimi."

"Lakini ulikuwa unasikia?"

Niliichukua fimbo nikaiegemeza ukutani. Akaondoka kwenda kumlaza mtoto. Hapo ndipo maneno ya Fundi Mkuu yaliponiingia: kusikia peke yake, hata usiposema, kunakutenga na watu.

Kuanzia hapo kila nilipotokea na fimbo, vinu vililia. Sijui nani alianzisha. Nilikuwa nikikaribia mtaa tu, mwanamke wa nyumba ya kwanza anashika mchi, wa pili anamdakia, na mtaa mzima unatetemeka. Walitwanga mtama, walitwanga mihogo, na waliokosa nafaka walitwanga pumba. Nilisimamisha fimbo juu ya bomba nikasikia ngurumo tupu. Waliamini wananiziba sikio lisisikie dhahabu. Walichokiziba kilikuwa maji.

Maji nayo yalikuwa yakienda. Kiangazi kilikuwa kimekaza, na kila asubuhi alama ya maji tangini ilikuwa chini kuliko jana yake, ingawa mtambo ulifanya kazi mchana kutwa. Palikuwa na ungio lililofunguka mahali fulani kwenye njia ya mtaa wetu, nao mchanga uliyanywa maji bila kuacha hata unyevu. Bwana Maji aliyaona maji tangini kwa macho yake, akasema bila hasira, jambo lililoniogopesha zaidi: "Kama hupati kabla ya Jumapili, mimi nafunga valvu ya mtaa. Hospitali na mgodi lazima wapate. Watu wako wana ziwa."

Watu wangu walikuwa na ziwa, na ziwa lilikuwa na mamba. Kabla ya mabomba ya barabarani, wanawake walikuwa wakichota pale kwenye matete, na hakuna familia ya zamani Nyakabanga isiyokuwa na jina la mtu wasilopenda kulitaja karibu na maji. Mke wangu naye angekwenda kuchota huko, peke yake, maana hapakuwa na mwanamke wa kwenda naye.

Nilikwenda kwa mwanangwa, mkuu wa eneo letu chini ya mtemi, nikamwomba aite watu. Walikuja wengi, wakakaa mbali nami. Nilieleza kuhusu ungio, tangi na Jumapili. Nikaomba kitu kimoja: asubuhi moja ya ukimya. Kinu chochote kisilie mpaka nimalize kupita.

Kalonga akasimama, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Ndugu zangu, mimi ni mshonaji tu, sijui mabomba. Lakini naona kanzu inavyokatwa. Kwanza alikuja peke yake, tukatwanga. Sasa anataka tunyamaze ili asikie vizuri. Na Inspekta atakuwa amekaa wapi asubuhi hiyo? Chini ya kitanda chake?"

Watu walicheka kwa uchungu. Mzee mmoja akasema, "Afunge hayo maji. Baba zetu walikunywa ziwa."

"Na ziwa likawanywa baba zenu," akajibu mwanamke mmoja nyuma. Alikuwa Mama Kulwa. Alisimama, na watu wakamgeukia wote, maana tangu mumewe achukuliwe hakuwa amesema neno hadharani.

"Mume wangu yuko ndani," alisema. "Mbale zimekwisha. Jikoni kwangu pana shimo. Katika mkutano huu mimi ndiye mtu pekee asiye na cha kuficha, kwa hiyo nitasema mimi. Sitapeleka watoto wangu kwenye matete. Wenye vinu vya chuma, asubuhi hiyo moja laleni. Wenye vinu vya mti, tushinde njaa mpaka jua litoke. Mnyimeni mtu huyu sababu ya kushindwa." Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza. "Akitoka hapo bila tundu lake la maji, tutajua ni nani."

Kalonga aliinua mikono. "Mayu amesema. Mimi natii."

Alfajiri ile nilitoka mlangoni na mtaa ulikuwa umekufa. Hakuna mchi. Hata mbwa hawakubweka, kana kwamba wameambiwa. Nilijua nyuma ya kila ukuta kuna watu macho, wamekaa kitandani, wananisikiliza ninavyosikiliza. Nilikuwa sijafika kwenye valvu ya kwanza nilipoona mtu ananingoja njiani, kajitanda kanga. Alikuwa Mama Kulwa.

"Shikamoo, mayu."

Hakuitika. "Nitakwenda nawe," alisema. "Utakachosikia, nami nitasikia. Kila mahali utakapoinama, utanipisha niiname."

Nilimpa fimbo. Nilimwonyesha pa kuweka sikio, jinsi ya kufumba macho na kuzuia pumzi. Nikamwuliza kama amekula kitu. "Ningekula nini?" akasema. "Tumeacha kutwanga kwa ajili yako."

Kwenye valvu ya kwanza alisikiliza, akaguna. "Kama gamba la konokono."

"Hayo ni maji yanayopita, mayu. Yana afya."

Kwenye valvu ya pili sauti ya kuhema ilianza, mbali. Nilimwachia naye asikie. Aliinua uso, na kwa mara ya kwanza niliona ameshangaa. "Linapumua."

"Ndilo hilo. Twende, litaongezeka."

Tulifuata bomba kuelekea sokoni. Kwenye valvu ya tatu nilisimamisha fimbo, nikainama, nikasikia kuhema kukubwa, karibu kabisa, kama mgonjwa wa pumu chini ya miguu yangu. Na juu ya kuhema huko nikasikia kitu kingine.

Ngi. Ngi. Ngi.

Niliondoa sikio, kama nilivyofundishwa. Nikamtazama Mama Kulwa, nikatamani kumwambia tusonge mbele, pale pametosha. Lakini mkataba wetu ulikuwa wazi. Nilimpisha.

Aliinama. Alikaa muda mrefu. Niliona mkono wake ukikaza kwenye nondo. Sauti ile aliijua kuliko mimi. Ilikuwa imelia jikoni kwake. Alifungua macho bila kuinua kichwa, akatazama mbele, mahali ambapo bomba lilipita chini ya ua wa mwisho kabla ya soko. Ulikuwa ua wa Kalonga.

Kila mwenye kinu cha chuma mjini alikuwa amelala siku hiyo kwa kumwogopa Inspekta. Mtu mmoja tu alikuwa akiponda kwa raha, mtu asiyekuwa na sababu ya kumwogopa. Mimi hakunijali, maana Bwana Sikio angesema nini, na nani angemwamini? Hakujua kwamba Mama Kulwa angetoka.

Aliinuka. Alifuta kikombe cha fimbo kwa pindo la kanga, akanirudishia kwa mikono miwili. Nikafikiri atapiga yowe, na kwamba kabla ya jua kutoka patakuwa na mtu amekufa pale sokoni. Hakupiga.

"Nimesikia maji," alisema. "Chimba."

Tulichimba, mimi na vibarua wa mtambo, na watu walikuja kutazama kwa mbali, kisha kwa karibu. Ungio lilikuwa pale pale: risasi imesukumwa nje, katani imeoza, maji yanatoka kwa kishindo na kupotea kwenye mchanga. Nilifunga valvu, nikakausha, nikashindilia katani mpya, nikamimina risasi mbele ya macho yao. Wazee waliokuwa tayari kunywa ziwa walinisogezea kuni za kuyeyushia. Kalonga naye alikuja, amenawa mikono mpaka viwiko, akapiga makofi. "Bwana Sikio! Umetuokoa!" Mama Kulwa alikuwa amesimama karibu yake. Hakumtazama. Aliinua tu mkono wake wa kushoto, akapangusa kitu begani mwa shati la Kalonga, taratibu, kama mama anavyompangusa mwanawe vumbi. Lilikuwa vumbi jeupe la mawe. Kalonga akaacha kupiga makofi.

Jioni hiyo kwenye bomba la barabarani Mama Minza alimwamkia. "Marahaba, mwanangu," Mama Kulwa aliitika, kwa sauti ya kusikika na mstari wote.

Sikuwahi kusikia kwamba alimtaja mtu yeyote. Sijui aliwaambia nini wanawake, au kama aliwaambia. Nilichoona ni kwamba baraza la Kalonga lilianza kupungua watu. Nguo zilishonwa kwingine, mbali zaidi. Aliamkia watu, nao wakaitika kwa adabu, wakapita. Kabla ya mvua kuanza alipakia cherehani yake kwenye mtumbwi wa mizigo, akaondoka. Je, ni kweli ndiye aliyemchongea Baba Kulwa kwa Inspekta? Kortini singeapa. Kinu cha chuma si ushahidi wa ulimi. Nilisikia nilichosikia, na nimekibeba hivyo hivyo.

Baba Kulwa alirudi kutoka kifungoni amekonda, akawa mkulima wa mihogo. Siku moja, tukiwa njiani, mkewe aliniuliza bila kunitazama, "Na kinu chetu? Kabla hawajaja. Ulikisikia?"

"Nilikisikia, mayu."

"Siku nyingi?"

"Siku nyingi."

Tulipofika njia panda akashika njia yake. Sikujua kama alikuwa akinishukuru kwa kunyamaza au akinilaumu kwamba sikumwonya.

Tangu asubuhi ile, nilipotokea na fimbo Nyakabanga, michi ilisimama. Mwanamke wa kwanza aliyeniona aliushika wake hewani, wa pili akafuata, mtaa ukatulia mpaka nilipoinua kichwa. Kisha vinu vikaanza tena, du, du, kama mvua inayorudi. Bwana Maji aliyemfuata yule wa kwanza aliona jambo hilo akasema hajaona heshima kubwa kama hiyo kwa fundi. Nilimshukuru. Sikumwambia kwamba nami nimejiuliza mara nyingi kama ni heshima kweli.

Nilihamishwa, nikarudi Shinyanga, nikawafundisha vijana, nikapewa cheo cha Fundi Mkuu, nikastaafu na sikio moja lililochoka. Tumejenga mtaa wa Ngokolo, nyumba ya kutosha wawili. Koki iko ndani ya ua. Mama Minza bado anatwanga mtama wake mwenyewe, anasema unga wa mashine una ladha ya mashine.

Majuzi alikuja fundi kijana kutafuta uvujaji barabarani kwetu, na chombo chenye nyaya na vitu vya kuziba masikio. Aliinama nje ya uzio wetu. Mke wangu alikuwa katikati ya kutwanga. Nilimwona akimtazama yule kijana kupitia kwenye uwazi wa mlango, na mchi wake ukapanda, ukabaki juu, mkono wa mwanamke mzee ukitetemeka kwa uzito, mpaka kijana alipoinuka na kwenda zake.

"Mama Minza," nilimwita, "unamheshimu au unamwogopa?"

Aliushusha mchi polepole, hakutaka ulie.

"Sijui," alisema. "Nangoja aondoke."